Ule wa Mwisho, Karibu na Kihenge

Simu ya Elisha ilinikuta asubuhi, nachambua maharage mlangoni mwa chumba changu cha kupanga pale Mwankoko. Sauti sikuitambua. Alinipa shikamoo, akaniuliza kama mimi ndiye yule Zaina wa daftari, na kabla sijamjibu akasema bibi yake amefariki, mazishi ni kesho kutwa, huko Nduguti. Nilimwuliza bibi gani, nikiwa ninajua vizuri. Nimeishi katika miji mingi na kuitwa majina mengi, lakini kuna nyumba moja tu duniani ambayo ingeweza kunikumbuka kwa daftari. Elisha alisema namba yangu ameitafuta wiki nzima, tangu bibi alipozidiwa, na kwamba kama ninalo bado hilo daftari nije nalo. Nilimwambia ninalo. Akasema, "Basi bibi hakutudanganya." Akakata simu, nami nikabaki na ungo wa maharage mapajani, nisijue nimeshafika wapi katika kuchambua.

Daftari lilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo. Gamba lake lilikwisha kutoka zamani, nikalifunga kwa kipande cha khanga. Ni daftari la shule, la kurasa themanini, na nilizozitumia hazifiki kumi na tano. Nimelihamisha kutoka chumba hadi chumba kwa miaka karibu hamsini. Nimeuza kitanda ili nipate nauli, nimeacha masufuria kwa watu, nimeondoka mji mmoja na nguo za mwilini tu, lakini daftari hili halikuwahi kubaki nyuma. Mtu angedhani nililipenda. Ukweli ni kwamba lilikuwa si langu, na kitu kisicho chako huwezi kukitupa.

Nilifika kwa Mama Tabitha, huyo bibi yake Elisha, mwezi wa Januari, mwaka ule ambao mwishoni mwake tulihamishiwa vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiachia darasa la sita, na tangu hapo sikuwa nimemaliza mwaka mahali pamoja. Nilikwisha kuosha vyombo hotelini, kuuza mikate stendi, kulea watoto wa karani mmoja aliyekuwa na vitabu vingi, na kufukuzwa na mke wa karani huyo kwa sababu nilikuwa nasoma vitabu wakati watoto wanalia. Sikuwa na shida na kazi. Shida yangu ilikuwa kwamba nikikijua kitu, nilitaka kujua kinatoka wapi, na nikiambiwa kinatoka mahali fulani, nilikwenda. Basi siku moja sokoni Singida nilimwona mama ameweka kwenye sahani matunda madogo ya mviringo, mengine mekundu, mengine ya kijani, yana harufu ambayo sikuifahamu. Nikamwuliza ni nini. Akasema matunda ya misheni. Kitabuni kwa karani nilikuwa nimeyaona, yanaitwa matufaha, na kitabu kilisema ni matunda ya nchi zenye theluji. Nikamwambia yule mama hayawezi kuota huku. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kula kwanza, halafu uyakatalie." Nikala. Siku ya pili nilipanda lori la chumvi kuelekea Iramba, nikashuka njia panda, nikapanda mlima kwa miguu, nikiuliza nyumba hadi nyumba.

Mume wa Mama Tabitha alikuwa mtunza bustani kwa wazungu wa misheni. Wazungu walipoondoka baada ya uhuru, alikata vijiti kwenye miti yao, akavipandikiza nyumbani kwake huko juu, kwenye upepo. Nilipofika alikuwa amekufa miaka mitatu, na binti yao mmoja, Tabitha, alikuwa ameolewa mbali. Mama Tabitha alibaki peke yake na tembe la vyumba vitatu, mbuzi wanne, na miti saba iliyopangwa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye kihenge cha kuhifadhia uwele. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuona miti. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza kama najua kukamua mbuzi. Jioni alinipa ugali wa mtama na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanionyesha ngozi ya kulalia katika chumba cha katikati. Hakuniuliza nitaondoka lini. Nadhani aliogopa kuuliza, kama mtu anayeona ndege ametua karibu naye.

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba niliinama hata nikiwa katikati, na miti ya dari ilikuwa myeusi kwa moshi wa miaka. Kwenye kona moja matunda yalipangwa juu ya makapi ya uwele, safu kwa safu, bila moja kugusa jingine. Usiku harufu yake ilikuwa nzito mpaka nikaota nimelala ndani ya tunda. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Mama Tabitha akizungumza peke yake kwa Kinyiramba, lugha ambayo wakati ule sikuielewa. Nilidhani anasali. Baadaye nilipoanza kuokota maneno mawili matatu, nikagundua alikuwa akisimulia siku yake: mbuzi mweusi amevuka tena, mgeni amekula vizuri, upepo umeangusha matunda manane. Alikuwa akimsimulia marehemu. Nikawa nalala nikisikiliza habari zangu mwenyewe zikipelekwa kwa mtu nisiyemjua.

Yeye alikuwa na miti, mimi nilikuwa na hamu ya kujua, kwa hiyo tukaanza na majina. Wazungu walikuwa wametundika vibati kwenye miti yao, lakini vilikwisha kuoza kwa kutu kabla mume wake hajakata vijiti, na hata visingeoza asingeweza kuvisoma. Kwa hiyo akaipa miti majina ya watu wake, kila mmoja kwa tabia zake. Mti wa mlangoni ulikuwa Naomi, dada yake mdogo, kwa sababu matunda yake ni machachu na hayaombi radhi. Uliofuata ulikuwa Samweli, rafiki yake wa misheni, matunda makubwa ya kupendeza ambayo ukiyauma ni unga mtupu. "Samweli mwenyewe alikuwa hivyo hivyo," Mama Tabitha alisema, "mtu wa sura." Mchungaji uliiva kabla ya mingine yote, kila mwaka, kama anayekumbusha watu ibada. Tabitha ulikuwa mdogo, mwekundu, mtamu kutoka siku ya kwanza. Nilinunua daftari dukani, nikaanza kuandika. Nilikata kila tunda kwa upana, si kwa urefu, kwa sababu ukilikata kwa upana unaona vyumba vya mbegu kama nyota, na nikagundua kwamba hakuna miti miwili yenye nyota moja. Niliandika ganda, kikonyo, mbegu, ladha ya siku ya kwanza, ladha ya mwezi wa pili. Nilikuwa sijawahi kumaliza kitu chochote maishani, na nilidhani hiki nitakimaliza.

Ulibaki mti wa saba, ule wa mwisho, karibu na kihenge. Matunda yake yalikuwa ya kijani kikavu, yenye madoa kama kutu, magumu kama jiwe la kusagia. Nilimwuliza unaitwaje. Akasema, "Ule wa mwisho." Nikasema najua ni wa mwisho, jina lake nani? Akasema maziwa yanachemka, akaingia ndani, na hakukuwa na maziwa motoni. Wiki iliyofuata nikauliza tena, akasema huo ni mti tu. Mara ya tatu akanijibu kwa kuniomba nikalete kuni. Niliona pia kwamba akienda kuchuma kwenye mti ule alivuta khanga akafunika kichwa, na kwamba akipita alizunguka, hakukatiza chini ya matawi yake. Nikadhani anakwepa jua, na matawi yamekaa chini. Mimi niliyeona tofauti ya nyota ndani ya tunda sikuiona maana ya hilo. Niliamua kwamba amelisahau jina na anaona haya kusema. Basi nikaandika juu ya ukurasa, *Hauna jina,* na chini yake nikaandika habari zake, na kwa kuwa mti wenyewe ulinisumbua nikauandika vizuri kuliko mingine yote. Jioni nilipomsomea kurasa zangu, huku tunamenya karanga, niliruka mstari ule wa kwanza ili nisimsute. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliniuliza, "Na ule wa mwisho umeuandika wote?" Nikasema nimeuandika wote, mama. Akashukuru. Hakuwahi kunishukuru kwa kitu kabla ya hapo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Petro, mwenye ulimi wa pilipili, ambaye alikuja kila baada ya siku mbili kuomba moto hata kama kwake unawaka. Yeye na Mama Tabitha walikaa nyuma ya ukuta wa chumba changu wakinong'ona, na kwa kuwa walidhani sijui Kinyiramba hawakunong'ona sana. Nilisikia mimi ni mchawi, kisha nikasikia mimi ni mkimbizi wa ndoa, kisha Mama Petro akatoa hukumu kwamba mwanamke anayeandika matunda lazima amekosa mtoto. Mama Tabitha akamjibu kwamba aliyekosa mtoto ni yeye, Mama Tabitha, aliyekaa miaka tisa bila mimba, na hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo na huyu aachwe. Mama Petro akaondoka bila hata kuchukua moto wake. Nilijilaza pale nikitazama dari, nikitaka kuuliza ni nani ambaye hakumfukuza, lakini mtu hawezi kuuliza alichokisikia kwa kuiba.

Juni upepo ulikuja. Ulivuka mlima siku nzima, umekauka, unapasua midomo, na watu wakawa wanaamkiana wakiwa wamejifunika shuka mpaka puani. Ndipo Mama Tabitha alipoleta kikapu kutoka kona ya chumba changu, na ndani yake yalikuwa matunda ya ule mti wa mwisho, yale mawe ya Januari. Yalikuwa yamegeuka manjano, ganda limelegea kidogo kama ngozi ya mkono wa mzee. Tukala moja moja tukiwa tumesimama. Sijui nielezeje. Nimekula vitu vingi tangu siku ile, na vingine vya bei kubwa. Kisha tukaanza kazi ambayo nisingeiamini kama nisingeifanya: tukanyonyoa majani yote ya miti yote saba kwa mikono, jani moja moja, siku nne mfululizo, hadi miti ikasimama uchi. "Hii ni miti ya baridi kali," alinieleza. "Isipolala haizai. Baridi yetu haitoshi kuilaza, kwa hiyo tunailaza sisi." Mume wake ndiye aliyegundua, mwaka nzige walipokula majani na miti ikachanua baadaye. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Jioni ya siku ya nne tulikunywa uji wa uwele tukitazama mistari ya matawi matupu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijisikia ninaweza kukaa mwaka wa pili.

Habari ya kuhama ililetwa na balozi wa nyumba kumi. Alisimama uani, akakataa kukaa, akasema kila mtu atahamia kijiji kipya kule chini upande wa Nduguti, kuna shule na zahanati na maji, na anayechelewa atasaidiwa kuhama. Mama Tabitha aliuliza jambo moja, kama huko chini kuna upepo. Balozi akasema serikali imeahidi bomba, upepo haikuutaja. Tulikuwa na wiki chache. Miti mikubwa haihamishiki, lakini machipukizi ya mizizini yanaweza kubebeshwa, yaani unalikata chipukizi, unalipasua, unachomeka kijiti cha mti unaoutaka, unafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli na kuziba kwa nta. Nta tulikuwa nayo tele, kila nyumba kule ilikuwa na mizinga. Tulipata machipukizi saba yenye mizizi, madebe saba ya mafuta ya taa yaliyotobolewa chini, na kila debe nikalichora alama kwa mkaa kufuata daftari. La saba nililichora mstari mtupu. Vijiti vyote saba vilishika. Mwezi wa Septemba, kila kimoja kilikuwa na jani dogo, kubwa kama sikio la panya.

Amri ilitoka wenye kaya watangulie ili waonyeshwe viwanja. Mama Tabitha akapanda lori la kwanza na kuku wake na nafaka, akaniachia madebe nije nayo baada ya siku mbili. Kabla ya kupanda alipita kwenye mstari wa madebe, akayahesabu kwa kidole, akafika la mwisho, akavuta khanga kichwani. Kisha akaniambia, "Naondoka bila wasiwasi, kwa sababu wewe umeandika." Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyarudia mara nyingi mno.

Lori la pili lilifika linatoa mvuke. Rejeta ilikuwa imetoboka, dereva alitaka maji na chombo cha kubebea maji ya njiani, na akiangalia huku na huku hakuona ila madebe yangu. Mgambo aliyekuwa naye alicheka, akasema hata hivyo yamezidi, serikali inahamisha watu, haijasema miti. Nilibishana nao. Niliwapa sufuria, wakasema ndogo. Niliwapa mtungi, dereva akasema njia hii mtungi utafika vigae. Tundu la chini wangeziba kwa kitambaa na sabuni. Alinyoosha mkono kwenye debe la karibu, nikapiga kelele, na dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, akarudi nyuma. "Chagua mwenyewe, dada," akasema. "Sitaki lawama ya mtu."

Nilifungua daftari. Naikumbuka namna nilivyolifungua, kwa fahari, kama karani. Nikapitia: Naomi, Samweli, Mchungaji, Tabitha, na wawili wengine waliokuwa na majina ya ndugu. Hao walikuwa watu wa nyumba ile, ningewezaje kumwacha hata mmoja? Nikafika ukurasa wa saba, nikasoma mstari wangu mwenyewe, *Hauna jina,* nikampa dereva debe la mwisho. Mche niliupanda upya chini ya mama yake, karibu na kihenge, nikaumwagia maji yaliyobaki mtungini, nikajiambia nitaurudia.

Tulifika jioni. Mama Tabitha alikuwa amesubiri kando ya barabara tangu mchana, katikati ya uwanja mweupe wenye vigingi, ambao ndio ulikuwa kijiji. Kule chini joto lilisimama tu, hapakuwa na upepo wowote. Aliyapokea madebe moja moja, akayataja kwa jina kama anavyopokea wageni, akayapanga chini. Baada ya la sita alibaki amenyoosha mikono kuelekea lori. "Na ule wa mwisho?" Nikamweleza habari ya rejeta. Niliieleza kwa kuchekesha, nikamwigiza hata mgambo. Hakucheka. Aliuliza, "Kwa nini ule?" Nikasema, "Kwa sababu hauna jina, mama."

Alishusha mikono. Akasema, "Basi." Akaenda kuwasha moto, akapika ugali, akanipakulia kwanza mimi, kama kila siku. Ni Mama Petro, aliyepewa kiwanja cha pili kutoka chetu, ndiye aliyenivuta kando asubuhi yake, akaniuliza kwetu ni wapi ambako watu hawajui kitu. Akanieleza. Mti ule ulipewa jina la baba wa marehemu, yaani mkwe wa Mama Tabitha, na kwao mwanamke hatamki jina la mkwe wake maisha yake yote, akiwa hai au akiwa amekufa. "Mume wake alikuwa mtu wa mzaha," alisema. "Akampandia mkwe bustanini, na mwenzangu akawa anamzunguka." Halafu sauti yake ikashuka. Mzee yule ndiye aliyekataa Mama Tabitha arudishwe kwao katika ile miaka tisa. Ndugu wote walisema arudishwe, mzee peke yake alikataa. Wala hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Akitaka kumwambia neno alimwambia mbwa, na Mama Tabitha akasikia. "Kila mtu kule juu alijua mti usiotajwa ni wa nani. Ulipokuwa unaandika, yeye alijua umejua."

Nilirudi juu siku hiyohiyo kwa miguu, nikafika kesho yake mchana. Tembe lilikuwa limebomolewa ili watu wasirudi. Miti ya paa ilikuwa imekusanywa pamoja na kihenge na kuchomwa moto, na moto ulikuwa umewashwa pale penye nafasi, upande wa mwisho. Mche wangu sikuona hata jivu lake. Mti wenyewe ulisimama mweusi. Nilikwangua gome kwa kucha kutoka juu kabisa nikishuka, nikitafuta ukijani, na nilipofika karibu na ardhi niliuona, mstari mwembamba kama kidole. Lakini ulikuwa chini ya kovu la kubebesha, kwenye shina ambalo marehemu alilichomeka kijiti chake. Hapo ungechipua mti mwingine, wa porini, si yule. Niliketi pale mpaka jua lilipoegemea upande, mlima mzima hauna mtu, hauna mbuzi, hauna moshi. Nimekuwa peke yangu mara nyingi kwa kupenda mwenyewe. Siku ile nilijifunza kwamba kuna upweke mwingine ambao mtu huutengeneza kwa mikono yake na kumkabidhi mwingine.

Mama Tabitha hakunigombeza. Alisema mara moja tu, nikiwa namwomba radhi kwa mara ya tatu au ya nne: "Uliniuliza. Mimi ndiye niliyenyamaza." Lakini jioni, tukimaliza kula, alikuwa akifuta mikono na kusema, "Soma." Nami nilijua nisome nini. Nilisoma kurasa sita haraka haraka, kisha ya saba polepole, nikiruka ule mstari wa kwanza, naye akivuta khanga juu ya kichwa. Kila jioni, Oktoba nzima, mpaka Novemba. Kama angenitukana ningekaa. Sikuweza kukaa na ile namna yake ya kusikiliza. Mvua za kwanza zilipoanguka nikapanda lori la kuelekea Shinyanga, nikamwambia nitarudi wakati wa kunyonyoa majani. Tulikuwa tumeshavuka mto nilipofungua mfuko kutafuta kitambaa, nikakuta nimebeba daftari. Ningeweza kushuka. Nilijiambia nitalituma, kisha nikajiambia nitalipeleka mwenyewe, kisha ikapita miaka mingi kiasi kwamba kulipeleka kungekuwa ni kumkumbusha. Kwanza nilimwachia mti wake uungue, halafu nikaondoka na maneno yaliyobaki ya mti huo.

Nduguti ya sasa ina ofisi za mabati mapya na pikipiki kila kona. Elisha alinipokea, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akanipeleka hadi nyumbani. Uani kulikuwa na mti mmoja uliokingwa na kuta za matofali upande wa jua, umeegemezwa nguzo, na sikuhitaji kukata tunda ili niujue. Naomi. Wengine watano walikufa kwa joto, mmoja mmoja. Nilikaribishwa sebuleni, kati ya wanawake waliokaa chini kwenye mikeka, na Tabitha, ambaye sasa ni bibi mwenye fimbo, akanishika mkono na hakuuachia. Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya daftari. Akanikatiza. Akasema mama yake alikuwa nalo.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba baada ya mimi kuondoka yeye aliachika, akarudi kwa mama na watoto, na kila jioni baada ya kula mama aliwasomea miti. Hakuwa na karatasi wala hakujua kusoma, lakini alikuwa nayo yote kichwani, neno kwa neno, hata pale nilipoandika vibaya. "Miti sita anaitaja mwenyewe," Tabitha alisema. "Akifika wa saba anafunika kichwa, ananyamaza. Sisi tunaotoka kwa yule mzee hatukatazwi. Watoto wanalitaja jina, yeye anaendelea. Wajukuu wamekua hivyo, na vitukuu. Hawajawahi kuuona mti huo hata mmoja wao."

Elisha alisema wangependa nisome. Jeneza lilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nilifungua kile kipande cha khanga, nikasoma Naomi, nikasoma Samweli, na mtoto mmoja akacheka pale kwenye unga mtupu kama mtu anayesubiri mzaha anaoujua. Nikafika ukurasa wa saba. Jina nalijua tangu Mama Petro aliponiambia. Sijawahi kulitamka na hapa silitaji. Nilivuta mtandio kichwani. Mstari wa juu nikauruka, nikanyamaza.

Wakalitaja, wote, wakubwa na wadogo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwita mtu aliyeko uani aje kula.

Nikaendelea: ganda gumu, kijani kikavu, lina madoa ya kutu. Kikonyo kifupi, kimezama. Nyota yake nyembamba, mbegu mbili mbili. Januari haliliki, linafunga kinywa. Liweke kwenye makapi ya uwele, usiliguse, subiri upepo.